Hakuna Kasoro Iliyopatikana

Injinia alirudi kutoka kazini akipiga mluzi, na Metroni, aliyekuwa sebuleni akikunja nguo zilizoanuliwa, akajua leo watakoma. Mkwe wake huyu akiingia na mluzi kabla ya kuvua viatu, basi ana la kujisifia, na akishaanza kujisifia hata chakula hupoa mezani.

Jina la Injinia alijipa mwenyewe. Chuo kilimpa cheti cha kompyuta na mkono wa kwaheri, lakini kwenye simu yake, kwenye begi lake na kwenye kadi alizogawa hata kwa muuza mkaa, aliandika Injinia. Metroni naye hakujipa jina lake. Aliitwa hivyo kwa sababu alisimamia wodi ya wanawake ya hospitali kubwa mpaka presha ya macho ilipomnyang'anya mwanga, na mpaka leo wauguzi waliofundishwa naye wakimkuta njiani hunyooka mgongo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Umeokota nini leo?"

"Tiki, mama! Tiki ya kijani." Akajitupa kwenye kiti chake, kile kikubwa ambacho hakuna mwingine aliyethubutu kukikalia, akaifungua kompyuta yake mapajani. "Mke wangu, njoo uone. Ile tovuti ya Idara ya Nyumba, nimeimaliza. Mia kwa mia."

Binti yake Metroni akatoka jikoni akifuta mikono kwenye kanga. Injinia akamweleza huku akipaza sauti ili mama mkwe naye afaidi. Tovuti hiyo ilikuwa ya kuombea zile nyumba mpya za chini zilizotengwa kwa watu wenye ulemavu. Idara ilitaka iwe ya kutumika na kila mtu, asiyeona, asiyesikia, asiye na mikono. Sasa ile programu anayotengenezea tovuti ina kikaguzi chake humohumo ndani. Unabonyeza mara moja, kinapita ukurasa hadi ukurasa, kinakuonyesha pale ambapo kipofu atakwama. Asubuhi alama nyekundu zilikuwa zimetapakaa kama surua. Jioni hii hapa: Hakuna kasoro iliyopatikana.

"Nani amekagua?" Metroni akauliza.

"Kikaguzi, mama. Si nimekwambia, kimo humohumo."

"Yaani kazi yako imejikagua yenyewe."

Binti akabana kicheko, kikamtoka kwa pua.

"Hii ni mashine, mama," Injinia akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto kufunga kamba za viatu. "Mashine haina upendeleo. Binadamu ndiye mwenye upendeleo."

"Na asiyeona? Kuna asiyeona hata mmoja aliyeijaribu?"

Injinia akakohoa kidogo. "Hakuna haja hiyo tena."

"Hebu nipe mimi niijaribu. Simu yangu inanisomea kila kitu. Dakika chache tu."

"Imeshakabidhiwa, mama. Halafu haya ni mambo ya kitaalamu."

Metroni akaikunja soksi aliyoishika, akaiingiza ndani ya mwenzake. Mambo ya kitaalamu! Yeye aliyekuwa akiingia wodini daktari bingwa anazima sigara. Lakini alikuwa nyumbani kwa mkwe, na nyumbani kwa mkwe mtu humeza mengi, akashushia na chai.

Kwani huyo mtaalamu alifanya nini mchana kutwa? Kikaguzi kilimlalamikia kwamba picha zake hazina maelezo. Kila picha ina kisanduku kidogo cha kuandika maneno, ili mashine ya asiyeona iyasome: hapa pana mlango, hapa pana kitufe cha kutuma. Injinia alikuwa na picha tele, maana hata vitufe alivichora kama picha, kwa rangi alizozipenda yeye. Kuandika maelezo ya kila moja aliona ni kazi ya makarani. Akaandika neno moja, "picha", akalinakili, akalibandika kwenye kila kisanduku, huku akitafuna njugu. Kikaguzi kiliangalia kama kisanduku kina kitu, kikakuta kina kitu, kikaridhika. Chini ya ile tiki palikuwa na mstari mdogo: kikaguzi hiki hakioni kila kitu, mpe asiyeona anayesomewa skrini kwa sauti aijaribu. Injinia aliuona, akaufunga. Mtu huyo alikuwa nyumbani kwake, anamkunjia soksi.

*

Kama kulikuwa na jambo ambalo mkwe na mama mkwe walikubaliana bila kuambiana, ni kwamba Metroni aondoke. Nyumba ilikuwa ndogo, na bafu lilikuwa moja. Kila asubuhi Metroni alikohoa kabla ya kufungua mlango wake, ili Injinia akiwa hajavaa shati akimbie. Injinia naye alikohoa kabla ya kutoka bafuni. Mgeni angelala pale siku moja angesema nyumba nzima ina kifua kikuu.

Metroni hakutaka makubwa. Alitaka mlango wake na ufunguo wake. Alitaka birika ambalo akiliweka kulia analikuta kulia, si hili la binti ambalo kila siku linahamishwa na mkwe asiyejua kurudisha kitu mahali pake. Alitaka kutembea na gauni la kulalia mpaka saa nne asubuhi kama mwanamke huru. Zile nyumba mpya zilikuwa chini, hazina ngazi, karibu na hospitali yake ya zamani, na alishaambiwa kwamba kwa umri wake na macho yake, akiomba tu, anapata. Awamu ya nyuma ya kugawa nyumba ilikuwa zamani sana, akiwa bado anaona. Akiikosa hii, nyingine huenda ikamkuta kaburini.

Ila kuomba kwenyewe kulikuwa na masharti. Awamu ile ya zamani watu waliwaombea ndugu zao vipofu na viwete, majina yakatoka, kisha wakahamia wao wenyewe na watoto wao, na ndugu wakaachwa palepale walipokuwa. Idara ikapigwa na aibu. Safari hii mwombaji aje mwenyewe ofisini, akae kwenye kompyuta ya ofisi inayosema, ajaze mwenyewe. Ndugu abaki nje. Karani naye asielekeze wala kugusa, maana hata makarani walishakula vya watu.

"Ni rahisi, mama," Injinia alimwambia asubuhi ya kwenda, akiwa na furaha ya mtu anayemfungia mgeni mizigo. "Mashine inakusomea, wewe unabonyeza. Hata mtoto anaweza."

"Basi wangempa mtoto," Metroni akasema, akashika fimbo yake.

Binti alimfikisha mpaka mlangoni pa chumba cha maombi, akazuiwa. Karani alikuwa kijana mwenye sauti ya mtu aliyechoka kabla hajaanza kazi. Akamkalisha, akamvisha hedifoni masikioni, akamwekea vidole kwenye vitufe, akarudi nyuma na kukunja mikono.

Mwanzo ulikwenda vizuri mno. Jina. Umri. Namba ya kitambulisho. Kila sehemu ilijitaja, na Metroni, aliyechapa ripoti za wodi kwenye taipureta miaka yote ya kazi, alipiga herufi kama mvua juu ya bati. Akamsikia karani akinong'ona, "Loh, bibi huyu!" Akavimba kichwa. Akaanza hata kumfikiria mkwe wake kwa wema: pengine mjinga yule kaweza.

Ndipo akafika ukurasa wa mwisho.

"Picha," sauti ikasema sikioni. Akasogea. "Picha." Akasogea. "Picha. Picha. Picha, kitufe. Picha, kitufe."

Akarudi juu, akashuka tena taratibu. "Picha, kitufe. Picha, kitufe."

"Kijana wangu," akasema, "hapa pana vitufe viwili. Kipi ni cha kutuma?"

"Siruhusiwi kuelekeza, bibi."

"Sikuombi unielekeze. Nakuuliza kimeandikwa nini."

"Ndiyo kuelekeza huko. Kompyuta haikusomei?"

"Inasema picha."

Karani akainama akachungulia skrini. "Mbona vinaonekana vizuri tu? Hiki chekundu, hiki cha bluu. Na hii tovuti imepimwa, bibi, ina tiki hapo chini." Kisha akaona huruma kidogo. "Subiri nimwite msimamizi. Yeye anaruhusiwa kukusomea mbele ya shahidi. Yupo kikaoni, lakini atakuja."

Nyuma yake watu kwenye foleni wakaanza kuhema na kusogeza viti. Mmoja akasema, wala hakujisumbua kupunguza sauti, "Si wangekaa tu nyumbani wakaletewa?" Metroni akahisi uso unamchemka. Asubiri msimamizi aje amsomee kama mtoto wa chekechea, mbele ya shahidi! Yeye aliyesimamia wodi nzima!

"Haina haja," akasema. "Naweza mwenyewe."

Akafikiri kama mtu mwenye akili zake. Mwenye akili angekiweka mbele kitufe cha kutuma, maana ndicho kilichomleta mtu. Lakini Injinia alikuwa ameweka mbele kile chekundu, kwa sababu kilipendeza pale. Metroni akabonyeza cha kwanza.

"Je, una hakika?" sauti ikauliza. "Picha, kitufe. Picha, kitufe."

Hakika ya nini, haikusema. Akabonyeza cha kwanza tena.

"Umejitoa kwenye awamu hii," sauti ikasema kwa adabu zote. "Asante kwa kushiriki."

Metroni akabaki na kidole hewani. Karani akapiga ulimi. "Aa, bibi! Umejitoa! Nilikwambia usubiri!"

"Rudisha."

"Hairudi. Mtu akijitoa haingii tena awamu hiyohiyo. Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Na nani?" Metroni akauliza, kana kwamba hamjui.

Msimamizi alipokuja alikuwa mpole, na upole wake ukamuuma Metroni kuliko foleni. Akamwambia ipo rufaa. Idara itamwandikia mtengenezaji wa tovuti, naye mtengenezaji akijibu kwamba kweli kulikuwa na kasoro, ombi lake litafufuliwa siku hiyohiyo. Neno la mwombaji pekee halitoshi, la ndugu halipokelewi kabisa, Idara yenyewe hairuhusiwi kuipima tovuti kabla ya jibu hilo, na karani hakusikia kitu maana hedifoni zilikuwa masikioni mwa bibi.

"Unawafahamu waliotengeneza?" msimamizi akauliza.

"Kwa kikohozi," Metroni akajibu, akaomba kuonyeshwa mlango.

*

"Labda mama hakubonyeza vizuri," Injinia akasema, hata shati la kazi hajavua.

"Washa," binti akamwambia.

"Niwashe nini?"

"Hiyo kompyuta yako. Washa sauti, ufungue ukurasa wa mwisho. Tusikie wote."

Alijizungusha, akasema betri imeisha, akasema mtandao hauko sawa, mwishowe akawasha. Sauti ikajaa sebuleni: picha, picha, picha, picha, kitufe, picha, kitufe. Binti aliiacha iendelee mpaka jirani wa pili akagonga ukuta. Injinia akaifunga.

"Kikaguzi hakikulalamika," akasema.

"Kaa chini, baba," Metroni akamwambia. Injinia akakaa, lakini si kwenye kiti chake kikubwa, akakaa kwenye stuli. "Nilikuwa na muuguzi mmoja wodini. Mzuri wa sura, mwepisi wa mdomo. Kazi yake ilikuwa kupima joto la wagonjwa asubuhi na kuandika kwenye chati. Mkaguzi akija anakuta chati zote zimejazwa, mwandiko safi, hakuna pengo. Anamsifu. Siku moja mimi nikapita na mkono wangu. Nikamgusa mama mmoja kwenye kona, anaungua kama pasi. Chati yake inasema thelathini na saba. Nikaenda kitanda cha pili, thelathini na saba. Wodi nzima, mwezi mzima, thelathini na saba! Hajamgusa mtu. Unajua alinijibu nini?"

Injinia hakutaka kujua.

"Alisema, Metroni, mbona mkaguzi hakulalamika."

"Ulimfanya nini?" binti akauliza, ingawa hadithi hiyo aliijua tangu utotoni.

"Nilimvua kofia mbele ya wagonjwa."

Injinia akaangalia vidole vyake vya miguu. Haikuwa toba. Alikuwa anamfikiria Bosi wake wa kazini. Kampuni ilikuwa inatafuta mkuu wa kitengo, na tovuti hii ya tiki ya kijani ndiyo aliyoitembeza ofisini kama bi harusi. Sasa akajibu Idara kwamba ilikuwa na kasoro? Akaanza kulainisha sauti.

"Mama, kwani haraka ya kuhama inatoka wapi? Hapa ni nyumbani kwako. Mimi na mke wangu tunafurahi kuwa nawe."

Metroni nusura apaliwe. Huyu huyu aliyekuwa akimhesabia siku! Hata binti alimtazama mumewe kama anayeona madoa kwenye shuka alilodhani jeupe.

"Utaandika hiyo barua," binti akasema. "Mistari miwili. Kulikuwa na kasoro, ni yetu, samahani."

"Nitaongea na Bosi kwanza."

Akatoka kibarazani na simu. Mama na binti wakamsikia kupitia dirishani, sauti yake imenywea mpaka imekuwa ya kitoto. "Ndiyo, Bosi. Ndiyo, Bosi. Nimekuelewa, Bosi." Metroni akatikisa kichwa. Mwanamume mzima na Injinia yake yote, anaongea kama mwenye sukari mdomoni.

Aliporudi alikuwa mtu mwingine, mnyenyekevu mpaka anatia kichefuchefu. Bosi amekubali, akasema. Kasoro irekebishwe mara moja, na barua ya Idara ikija wataijibu. Ila yeye peke yake hataweza. Anahitaji mtu wa kumsikilizia, mtu anayejua.

"Nakuomba wewe, mama. Hakuna mwingine."

"Barua kwanza," binti akasema.

"Barua ya Idara yenyewe haijafika, mke wangu, nitajibu nini? Na kuna watu wengine wanaendelea kuomba. Wasioona wenzake mama. Kila siku mmoja anaweza kujitoa kama yeye."

Hapo akamgusa Metroni pale penyewe. Tangu macho yazime hakuna aliyemwambia kwamba hakuna mwingine. Watu walimwambia kaa hapa, shika hapa, angalia ngazi. Alijua mkwe wake ni mtu wa kupaka watu mafuta kwa mgongo wa chupa, alijua vizuri sana, na bado moyo ukamwenda mbio kama siku alipokabidhiwa wodi.

"Mama, barua kwanza," binti akarudia.

"Wagonjwa wamo kitandani, wewe unazungumzia barua," Metroni akasema. "Lete kiti hapa, baba. Washa."

Jumamosi nzima walifanya kazi bega kwa bega. Metroni alisikiliza, akasimamisha, akauliza. "Hii picha ni ya nini?" "Nyumba ya chumba kimoja, mama, mlango upande wa bustani." "Basi andika hivyohivyo. Hii?" "Hiyo ni urembo tu." "Urembo usinisomee, utanichosha bure, unyamazishe. Hii?" "Kitufe cha kujitoa." "Kiondoe mbele! Kiweke mwisho, na kiseme kinachofanya. Na hapo kinapouliza una hakika, kiulize una hakika ya nini." Alimrudisha nyuma mara nyingi, akamkaripia, akampiga kofi la mkono alipotaka kuruka ukurasa. Injinia akasema "ndiyo, mama" mpaka mke wake akaona haya kwa niaba yake. Lakini kazi ilikuwa kazi. Jua lilipokuwa linashuka, Metroni alipita tovuti nzima kutoka juu hadi chini bila kukwama hata mahali pamoja, na alipofika mwisho sauti ikasema vizuri, "Tuma ombi lako, kitufe." Akatabasamu. Hakuweza kukibonyeza, yeye alishajitoa, lakini alikigusa kwa kidole, akakiacha.

"Sasa hii ndiyo kazi," akasema. "Umeona? Huna akili mbaya, una uvivu tu."

"Asante, mama," Injinia akasema, akabonyeza kikaguzi chake. Hakuna kasoro iliyopatikana.

*

Simu ya Idara ilimkuta Metroni akimenya viazi na binti yake jikoni. Binti akaiweka kwenye spika. Alikuwa yule karani.

"Bibi, pole. Rufaa yako imekataliwa."

"Imekataliwaje? Hamjapata jibu la mtengenezaji?"

"Tumelipata. Wameandika, nakusomea: tumeikagua tovuti kwa kikaguzi na kwa mtumiaji asiyeona, hakuna kasoro iliyopatikana. Msimamizi mwenyewe amekaa na hedifoni akajaribu. Kila kitufe kinataja jina lake, bibi. Hata hicho cha kujitoa kiko mwisho kabisa na kinauliza mara mbili. Na wenzako wasioona kama wewe wanajaza vizuri sana. Jana walikuja wanne, wote wamefurahi. Sasa msimamizi anauliza, mbona wewe peke yako?"

Kwa mtumiaji asiyeona! Walimtumia yeye, jina hawakutaja. Ule ushahidi wake mmoja aliokuwa nao duniani, alikaa Jumamosi nzima akiufuta kwa mikono yake, kisanduku kimoja baada ya kingine, huku akisifiwa.

"Bibi, upo?"

"Nipo," akasema. "Umefanya kazi yako, kijana. Asante."

Binti akakata simu. Hakusema "nilikwambia barua kwanza", na kwa hilo Metroni alimshukuru kimoyomoyo. Machozi yalimtoka palepale juu ya viazi, macho yaliyoshindwa kazi nyingine zote bado yaliiweza hiyo.

Injinia aliporudi hapakuwa na mluzi. Alijua.

"Uliandika nini?" mkewe akamuuliza mlangoni.

"Ukweli. Waliuliza kama tovuti ina kasoro. Nikakagua, nikakuta haina."

"Ulikagua kabla au baada?"

"Barua yao haikuuliza kabla wala baada."

Alisema hivyo kwa macho makavu, begi bado begani. Kisha akaongeza, kana kwamba anatoa zawadi, "Na mama hapa ni kwake. Nimeshasema. Mimi sina neno."

Binti akageuka akarudi jikoni. Usingizi wake akauhamishia chumbani kwa mama yake, godoro chini, bila kugombana na mtu.

Asubuhi iliyofuata Metroni alifungua mlango wake, akatoka. Hakukohoa. Akaenda moja kwa moja mpaka bafuni, akasukuma mlango, na ndani kukasikika kishindo, ndoo ikapinduka, sabuni ikateleza sakafuni.

"Mama! Nimo! Nimo ndani!"

"Samahani, baba," Metroni akasema bila kusogea. "Ungekohoa. Mimi nyumbani kwangu sikohoi."

*

Ukuu wa kitengo haukuchelewa. Bosi mwenyewe akaja Jumapili mchana na wafanyakazi wenzake Injinia, wakajaa sebuleni, wakaletewa soda na karanga. Bosi alikuwa mtu wa tumbo na vicheko. Akasema Idara imeshukuru kwa maandishi, akasema watatengeneza nyingine tatu kama ile, akasema siri ya kampuni yao ni kwamba hawakabidhi kazi mpaka mlengwa mwenyewe aijaribu. Watu wakapiga makofi. Injinia alikuwa ametoka kufuata soda za nyongeza dukani.

Metroni alitoka chumbani na fimbo yake, amevaa gauni lake la kulalia, saa nane mchana. Mazungumzo yakapungua. Akapita katikati yao, akagusa kile kiti kikubwa, akakuta hakina mtu, akakaa, akajinyoosha.

"Karibuni," akawaambia. "Hapa ni nyumbani kwangu."

"Asante, mama, asante!" Bosi akasema. "Tunasikia ulitusaidia kidogo kwenye ile kazi."

"Kidogo tu. Nilifuta."

Bosi akacheka bila kuelewa. Binti alikuwa amesimama karibu na meza na sinia la karanga. Mlango ukafunguliwa, Injinia akaingia na kreti la soda, akamwona mama mkwe kwenye kiti chake, akaona na gauni. Wageni wote walikuwa wanamtazama. Akaamua kuwa mkwe mwema, na kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani.

"Shikamoo, mama yangu mzazi!"

Metroni akainua uso, akaugeuza upande wa binti yake.

"Mwanangu, nani huyo anayenisalimia?"

Binti akamtazama mumewe aliyekumbatia kreti, jasho linamtiririka, tabasamu limemganda mdomoni likimsubiri mtu alipokee. Akaliweka sinia mezani.

"Picha, mama," akasema.

Bosi akaangua kicheko, akidhani ni utani wa kifamilia, na wengine wakamfuata kwa kuwa ni Bosi. Injinia hakucheka. Akabaki amesimama na soda zake kwa sababu kiti chake kilikuwa na mtu.

"Marahaba," Metroni akasema, akaomba apewe karanga.